Mpanga Herufi na Swali la Mama Yake

Mzee wetu tunayemsindikiza leo, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Kinyume, alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1920, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake, fundi seremala. Alikuwa wa pili na kitinda mimba. Kaka yake alimtangulia kwa miaka mitatu. Mama yao alizoea kusema kwamba mkubwa alizaliwa na miguu ya kuondoka, na mdogo alizaliwa na macho ya kutazama anayeondoka.

Alianza shule Januari 1928. Darasani walikuwa wanafunzi wawili kwa kitabu kimoja, na kwa kuwa yeye alikaa upande wa pili wa meza, kitabu kilimfikia juu chini. Hakulalamika. Akakisoma hivyo hivyo miaka yote minane, na inasemekana siku mwalimu alipomgeuzia kitabu upande ulio sawa, alisoma polepole zaidi. Mwisho wa 1935 baba yao alifariki kwa homa ya mapafu, na masomo yakaishia hapo.

Kazi aliipata kwa sababu ya ule ukinyume. Tarehe 4 Januari 1937 alifika kwenye kiwanda cha uchapaji kilichotoa gazeti la kila Jumamosi. Fundi mkuu wa chumba cha herufi, mtu mnene mwenye wino hadi kwenye nyusi, alimwekea mbele mstari wa herufi za madini ya risasi, zile zinazosomeka kama kwenye kioo. Kijana akausoma bila kugugumia. Fundi mkuu akawaita wenzake: "Njooni muone. Huyu ubongo wake umewekwa kinyume, Mungu ametuletea wetu." Jina likamganda tangu siku hiyo. Alifundishwa kusimama mbele ya sanduku la vijumba vidogo, kila herufi na kijumba chake, akizichukua moja moja bila kuzitazama, kama mtu anayechambua mchele gizani. Fundi mkuu alipenda kumwambia: "Risasi ni ile ile, mwanangu. Wengine wanaifyatua, sisi tunaisomesha."

Ijumaa tarehe 1 Septemba 1939, saa nane mchana, ukurasa wa kwanza ulikuwa umeshafungwa kwa kamba. Habari kubwa ilikuwa paa jipya la soko. Mhariri aliingia na karatasi ya simu ya maandishi mkononi, akamwonyesha fundi mkuu. Majeshi ya Ujerumani yalikuwa yameingia Poland alfajiri ile.

"Bomoa," alisema fundi mkuu.

"Ukurasa mzima?"

"Mzima. Soko litangoja."

Kichwa cha habari kilitakiwa kuwa VITA VIMEANZA, kwa zile herufi kubwa za mbao. Lakini kiwanda kilikuwa na V moja tu ya ukubwa ule, kwani nani angewahi kuzihitaji mbili? Marehemu, mtoto wa seremala, alichukua A, akachonga ile fimbo ya katikati kwa kisu, akaigeuza kichwa chini. Ikawa V. Alisimulia hadi uzeeni kwamba alipoiweka mahali pake alihisi kama amefungua mlango wa nyumba ya watu asiowajua, akakuta hauna mwisho.

Siku mbili baadaye Uingereza na Ufaransa nazo zikatangaza vita, na mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, kaka yake aliyekuwa dereva wa lori aliandikishwa katika jeshi la Uingereza na kupelekwa jangwani, kaskazini ya mbali. Mama hakulia kituoni. Alimfunga kifungo cha shati tu, akamwambia, "Lori si lako. Likiharibika, liache."

Mwezi Juni 1942 ngome ya Tobruk, huko Libya, ilianguka mikononi mwa Wajerumani, na maelfu ya wanajeshi wakatekwa kwa siku moja. Marehemu aliipanga habari ile mwenyewe, akijua kaka yake yuko huko. Kisha kimya. Alhamisi tarehe 13 Agosti ikaja orodha ya serikali ya waliouawa na waliotoweka, ya kutolewa Jumamosi. Fundi mkuu aliipitia kwanza, kama kawaida yake, akasimama kwenye mstari wa kumi na saba. Akaivua miwani.

"Leo nenda nyumbani mapema. Hii nitaipanga mimi."

Marehemu alielewa. Akanyoosha mkono. "Nipe, fundi. Kama ni wangu, asiguswe na mkono mwingine."

Akalipanga jina la kaka yake, herufi baada ya herufi, na mbele yake maneno matatu: ametoweka, adhaniwa amekufa. Fundi mkuu alisimama nyuma yake muda wote, akiwa ameshika taa ambayo haikuhitajika, maana ilikuwa saa tisa na jua lilijaa dirishani.

Alikwenda nyumbani jioni ile ile ili gazeti lisimtangulie. Mama alikuwa anapepeta. Alipoambiwa, aliuweka ungo chini taratibu, kana kwamba una maji. Akakaa. Kisha akauliza:

"Nani aliyeanza?"

"Mama?"

"Wewe unayapanga hayo maneno kila wiki. Nakuuliza, nani aliyeanza, na walimtakia nini mtoto wangu?"

Marehemu alikuwa amevipitisha vita vyote vidoleni mwake, na hakujua vilikotoka. Aibu ile, alisema, ilimuuma karibu sawa na msiba wenyewe.

Ndipo alipoanza daftari. Kila jioni ya Jumapili alikwenda kwa mwalimu wake wa zamani, aliyekuwa na kabati la magazeti na ramani, akauliza na kuandika. Kadiri alivyorudi nyuma ndivyo alivyoshangaa. Aliandika juu ya vita vya kwanza vya dunia, na mkataba wa mwezi Juni 1919 ulioibebesha Ujerumani lawama na fidia, ukawaachia watu wake kinyongo. Akaandika juu ya mwaka 1929, biashara za dunia zilipoporomoka na wanaume wenye mikono mizima wakapanga foleni ya supu, wakawa tayari kumsikiliza yeyote anayewaahidi ukuu na kuwaonyesha wa kumchukia. Akaandika juu ya Japani kuingia Manchuria mwaka 1931, na Italia kuivamia Uhabeshi mwaka 1935, huku Shirikisho la Mataifa likikemea kama jirani anayepiga kelele akiwa nyuma ya dirisha. Na mwaka 1938, wakubwa walipokata kipande cha Chekoslovakia wakampa Mjerumani aliyekuwa akitisha, ili anyamaze. Na mkataba wa Agosti 1939, ambamo Ujerumani na Urusi ya Kisovieti ziliahidiana kutopigana na kwa siri zikaigawa Poland. Siku tisa tu baadaye, ile A ikageuzwa kuwa V.

Kiwandani, vita viliendelea kupita mikononi mwake. Aliona vinapopinda. Mwezi Novemba 1942 jeshi la Ujerumani na Italia lililokuwa likisonga jangwani lilirudishwa nyuma huko El Alamein. Februari 1943 jeshi zima la Ujerumani lilisalimu amri Stalingradi, katikati ya theluji, na fundi mkuu aliyesoma habari ile kwa sauti alikaa kwenye kiti cha mhariri bila kuomba ruhusa. "Hawa walikuwa hawashindwi," alisema. "Mimi nilishawazoea hawashindwi."

Jumatano tarehe 11 Oktoba 1944 ilikuja barua. Mama hakujua kusoma, lakini aliujua mwandiko. Hakuifungua. Aliibeba kifuani hadi kiwandani, akapita getini bila kumjibu mlinzi, akamkabidhi mwanawe katikati ya mashine zinazonguruma. Kaka yake alikuwa hai. Alikuwa mfungwa Italia, na nchi ile iliposalimu amri Septemba 1943 walinzi walikimbia, naye akapanda milimani. Alifichwa miezi tisa na mama mmoja mkulima, ambaye mwanawe wa pekee alikuwa amepotelea Urusi akipigana upande wa adui.

Mashine zilizimwa. Ni mara ya pekee katika historia ya kiwanda kile kuzimwa bila hitilafu.

Tarehe 10 Agosti 1945 alipanga habari ya Hiroshima. Fundi mkuu aliirudisha karatasi kwa mhariri: "Hapa mmekosea, andikeni mabomu. Bomu moja haliwezi kufuta mji." Mhariri akamjibu, "Ni moja." Mwezi uliofuata vita vilikwisha rasmi. Miaka ya baadaye, hesabu ya waliokufa ilipotajwa kuwa milioni sitini, marehemu alikuta kijumba cha sifuri hakitoshi kwa ukurasa ule, akamalizia kwa kutumia herufi O.

Kaka yake alirudi Novemba 1945, amekonda, na masharubu ya kigeni. Jambo la kwanza alilotaka kuona ni tangazo la kifo chake. Alilisoma kwa makini, kisha akaangua kicheko.

"Wewe! Hata kunizika umeshindwa? Jina la baba umelikosea."

Kweli, herufi moja ilikuwa haipo. Mpanga herufi ambaye hakuwa amekosea neno kwa miaka mitano alikosea hilo. Alisimama kama mwanafunzi aliyekamatwa. Mama akadakia, "Mwacheni. Mauti yalikuja na gazeti mkononi, yakamuulizia mtu wa jina hilo, yakaambiwa hayupo."

Jioni ile ile, wakiwa watatu chumbani, marehemu alimsomea mama yake daftari, ukurasa kwa ukurasa, kama jibu la swali alilodaiwa miaka mitatu. Mama alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kuhusu yule mwanamke wa milimani: alijua kwamba huyu ni adui wa mwanawe? Kaka akasema, "Alijua. Alisema labda na mwanawe yuko jikoni kwa mtu." Mama akasema, "Hayo uliyosoma. Kumbe zilikuwako siku nyingi za kusema basi. Si moja. Nyingi."

Marehemu aliyaandika maneno hayo chini ya ukurasa wa mwisho.

Daftari hilo ndilo lililomletea mke. Mwaka 1947 aliajiriwa kiwandani binti mfunga vitabu, mwenye sindano ndefu na ulimi usio mfupi. Alilichukua daftari mezani bila kuuliza, akalirudisha siku ya tatu likiwa limeshonwa upya. "Lilikatika mgongo," alimwambia. "Vita vyako vilikuwa vinamwagika sakafuni." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 24 Aprili 1948, wakajaliwa watoto wanne. Mwaka 1951 walitoa kijitabu cha kurasa sitini na nne, Siku za Kusema Basi, yeye akipanga herufi na mkewe akishona, nakala mia tano zote kwa mkono. Shule nyingi zilikitumia. Alipostaafu mwaka 1980 aliendelea kualikwa madarasani, akienda na ramani yake iliyokunjwa. Hakuwahi kusimulia mapigano. Watoto wakimuuliza bunduki zililiaje, aliwaambia, "Sijui, muulizeni kaka yangu. Mimi naweza kuwaambia nani alinyamaza, na siku gani."

Nyumbani alikuwa mpole lakini mgumu. Walipogombana watoto wake, hakumwuliza aliyepiga ngumi. Aliwaketisha, akawarudisha nyuma saa kwa saa hadi asubuhi, mpaka wakafika kwenye kijiko au neno lililoanzisha. Kifungua mimba wake, muuguzi, anakiri kwamba ilikuwa afadhali kuchapwa.

Kaka yake alifariki mwaka 1991, na mkewe mpenzi mwaka 2009. Tangu hapo macho yake yalianza kufifia, na mwaka 2013 madaktari waligundua kwamba moyo wake umechoka. Alilazwa mara ya mwisho tarehe 9 Februari 2016. Daktari alipomuuliza anaumwa wapi, alijibu, "Uliza pasipouma, mwanangu, tumalize mapema." Akiwa wodini, mjukuu wake mkubwa alimletea kitukuu wake wa kwanza, wa wiki tatu. Alimpapasa kichwani, shavuni, akahesabu vidole vyote kumi. Akavihesabu tena. Wajukuu walidhani amesahau, wakamwambia ni kumi, babu. "Najua," alisema. "Nastaajabu tu."

Alifariki Alhamisi tarehe 18 Februari 2016, saa tisa na dakika kumi alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa bintiye muuguzi. Umri wake ulikuwa miaka tisini na mitano na miezi kumi na moja.

Ameacha watoto wanne: muuguzi, fundi umeme, mwalimu wa hesabu na mshona nguo; wakwe zake; shemeji yake, mjane wa kaka yake, na watoto wa kaka yake sita, ambao aliwalea kama wake; wajukuu kumi na mmoja; na kitukuu mmoja, mwenye vidole kumi.

Alale kwa amani, mzee wetu. Nasi, amani aliyotuachia, tuilinde.