Wafu Waliopigwa Vanishi

— Sitoi elfu sitini kwa maiti waliopakwa mafuta, alisema Sekunde.

— Utatoa, nikamwambia. Na hayo si mafuta, ni vanishi.

Tulikuwa tumefika hapo hata kikombe cha kwanza hakijapoa. Kijiwe chetu ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, kati ya karakana yangu na kibanda cha Sekunde, fundi saa. Kinyozi hukaa ncha ya ubao ili amwone mteja akiingia kwake. Bima, anayeuza bima na hajawahi kumwuzia mtu yeyote hapa, hukaa katikati. Shangazi yuko kwenye kigoda chake na birika la kahawa, anasikia kila kitu na kujifanya anasuuza vikombe. Mimi wananiita Msasa. Wageni hudhani ni kwa sababu ya kazi ya samani. Wanaonifahamu wanajua ni kwa sababu ya mdomo.

Sasa, asiyejua habari asije akadhani tumefukua makaburi. Sekunde na shemeji yake, mume wa dada yake, wana mchezo wao wa vita vya mezani. Kila Jumamosi wanapanga askari wa plastiki, warefu kama kidole gumba, wa zile enzi za makoti yenye mikia, kofia za pembe tatu na magobori. Wanapima hatua kwa rula, wanarusha dadu, wanauana. Vita ni vya kale lakini wametia na uchawi ndani. Shemeji ana mchawi mmoja na dubu wapiga mizinga. Sekunde hana kitu, na anashindwa tangu nimjue. Ndipo akaniletea kikosi cha askari wazima, akataka niwageuze wafu waliofufuka. Nilimtajia bei kabla sijagusa wembe: elfu mbili kwa kichwa, vichwa thelathini. Akasema sawa.

Nikawakata vichwa. Nikawafinyangia mafuvu ya puti, ileile ninayozibia nyufa za makabati, macho nikayachimba kwa ncha ya sindano. Nikapasua makoti, ndani nikagandisha nyuzi za kushonea, zikawa mbavu. Ofisa nilimwachia wigi lake jeupe ila nikalisogeza upande, maana fuvu halina nywele za kulishikilia. Hakuna aliyenifundisha. Rangi ya ngozi nilichanganya mwenyewe, nyeupe, kijani na tone la kahawia, mpaka mke wangu akakataa kula mbele yao. Mwisho nikawapiga vanishi mara mbili, kama ninavyoipiga meza. Kazi haitoki kwangu bila kung'aa.

— Maiti haulizwi sanda, nikamkumbusha Sekunde.

— Lakini anayeilipia huulizwa. Hawa wametoka kaburini au wametoka harusini?

Akamweka mpiga ngoma kiganjani, akamgeuza juani. Kweli, alimetameta. Akasema shemeji atacheka mpaka adondoshe dadu, kisha akasema atanipa nusu, tena kwa kunionea huruma. Hapo nikasimama. Shangazi akanisogezea kikombe, nikakaa.

Kinyozi akajitia usuluhishi. Akasema amewahi kumnyoa marehemu mmoja, na ngozi yake ilikuwa kavu kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa. Nikamwuliza yuko upande gani. Akasema hana upande, ana uzoefu tu. Bima akamkatiza: marehemu wa Kinyozi alikufa kitandani, hawa walikufa topeni mvua ikinyesha, basi tunachokiona ni umande.

— Umande wa miaka mia mbili? akauliza Sekunde.

— Haba na haba, akasema Bima.

Kinyozi akabadili kauli. Si umande, ni nta. Zamani hizo askari akifa vitani hupakwa nta ya mishumaa, asiharibike kabla mkewe hajafika. Sekunde akauliza kama na mpiga ngoma, mtoto mdogo, alikuwa na mke wa kumsubiri. Kinyozi akanywa kahawa. Bima akaja na jipya: iwe nta, isiwe nta, kinachong'aa huteleza, na risasi haikai kwenye kinachoteleza. Akaongeza kwamba angepata wateja wa namna hiyo, angekuwa na gari. Sekunde akasema dadu halijui kuteleza.

— Mbona mnahangaika, akasema Shangazi, ambaye kwa kawaida hachangii. Hao walipokuwa hai, nani alikuwa akiwakagua?

— Sajini, akajibu Sekunde.

— Na kifungo kikiwa kichafu?

— Viboko.

— Na sajini naye amefufuka?

Tukamtazama sajini. Alikuwa ndani ya boksi, amekenua meno yote, fimbo mkononi.

— Basi ukaguzi uko palepale, akasema Shangazi. Ningekuwa mimi, ningeng'aa.

— Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, akasema Bima kwa heshima, na hakuna aliyemwomba afafanue.

Nikauona uso wa Sekunde unalegea. Akawatoa wote, akawapanga mstari juu ya ubao, sajini mbele, vifungo vinawaka. Mkono wake ukaanza safari ya mfukoni. Mimi nikatazama barabarani, maana mtu anayetoa pesa hasumbuliwi.

Hapo akafika mwanamke tusiyemjua, amebeba kiti kilichovunjika mguu. Akatusalimu, akauliza fundi samani ni yupi, nikajionyesha. Lakini macho yake yalikuwa ubaoni. Nikamweleza kwa kifupi: jeshi la wafu, kesho linakwenda vitani.

— Na wao wakipigwa risasi?

— Wanakufa, akasema Sekunde.

— Si wameshakufa, kaka yangu?

Kinyozi akageuka kutazama duka lake lisilo na mteja. Shangazi akatikisa birika, akaliweka chini. Tupu.

Sekunde akamtazama mwanamke, akawatazama wafu wake. Kisha tabasamu likampanda taratibu, la mtu aliyezoea kupigwa kila Jumamosi na ghafla ameona mlango uko wazi. Mkono ukatoka mfukoni mtupu. Akaanza kuwatia wafu wake kwenye boksi harakaharaka, sajini, mpiga ngoma, ofisa na wigi lake la upande, akijisemea kwamba kesho shemeji ndiye atakayelijibu swali hilo, mfu anauawaje mara ya pili. Vanishi hakuikumbuka tena. Akafunika boksi, akainuka.

Nikaweka kiganja juu ya kifuniko.

— Elfu sitini.