Sellah Nekesa na Mifuko ya Barabara ya Bağdat

Ndugu waombolezaji, familia ya mzee Elphas Barasa inawasomea maisha ya binti yao, Sellah Nekesa, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Kimilili, akamaliza darasa la nane mwaka 1995, akajifunza ushonaji Kitale, na tarehe 1 Desemba 2001 akafunga ndoa na Alfayo Simiyu, wakajaliwa watoto wawili, Maryann na Bonface.

Tarehe 7 Februari 2011 aliwasili Riyadh, akafanya kazi za nyumbani mtaa wa Al-Naseem, na kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, ambaye Sellah alimwita baba, akaichukua pasipoti yake siku hiyo hiyo.

Wapo kati yetu waliosema kwamba Sellah alifukuzwa Uturuki kwa wizi, na leo, mbele ya jeneza lake, tunasema huo ni uongo. Agosti 2012 familia ya kafili ilikwenda likizo Istanbul pamoja naye, na asubuhi ya tarehe 25, wakiwa barabara ya Bağdat, yenye maduka ya viatu na mikoba ya bei ya kutisha, alipigiwa simu kwamba mama yetu Serah amefariki. Madam, mke wa kafili, akamwambia, "Yalla, Sellah, tunachelewa," naye akaiweka chini mifuko yote saba ya ununuzi wao aliyokuwa ameibeba, katikati ya njia ya wapita njia.

"Baba, mama yangu amekufa. Naomba pasipoti yangu."

"Halas, basi, tutaongea tukifika Riyadh."

"Riyadh nitahitaji ruhusa yako ya kutoka. Hapa siihitaji. Nipe."

Watu wakasimama, wauzaji wakatoka madukani, madam akamvuta mkono naye hakusogea, mpaka baba, kwa aibu, akafungua mkoba wake akampa, na tarehe 28 Sellah alikuwa hapa, akimwaga udongo kwenye kaburi la mama yake.

Tarehe 15 Septemba, viza yake ikiwa bado hai, alirudi Al-Naseem kwa hiari yake, ili asiitwe mtoro, akamaliza mkataba na pasipoti akiwa nayo mwenyewe, kisha Aprili 2013 akahamia Jeddah kwa ikama halali, kibali cha ukaazi, akamtunza bibi mmoja mzee kwa miaka mitano, na kila Ijumaa alikuwa mtaa wa Bani Malik akiwasomea wasichana wageni mikataba yao, neno kwa neno.

Oktoba 2018 aligundulika kuwa na saratani ya matiti, akarejea nyumbani tarehe 12 Januari 2019, na akatutoka Eldoret tarehe 3 Mei, saa kumi alasiri, akiwa ameshikwa mkono na Maryann.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Jeddah na Eldoret, majirani waliotupikia, na wenzake Zeinab na Wambui, waliosafiri kutoka Jeddah kuja kumzika.

Lala kwa amani, Sellah, wala usimwombe mtu ruhusa.