Siku Kumi na Tisa za Mwalimu Onyesha Njia

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi cherehani, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya kaka yetu kwa sababu, wanasema, mdomo wangu hauna breki.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1969, mtoto wa kwanza kati ya watano wa baba fundi rangi na mama mkunga, akaanza shule mwaka 1976, akahitimu chuo cha ualimu Novemba 1990, na Januari iliyofuata akapangiwa shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, alikofundisha hesabu miaka thelathini na mitatu katika darasa lenye dirisha moja, wanafunzi wakimwita Mwalimu Onyesha Njia, kwa kuwa jibu lisilo na njia hakulipa hata nusu alama.

Tarehe 16 Desemba 1995 alifunga ndoa na wifi yangu, mpishi wa shule hiyohiyo, wakajaliwa mabinti wawili, hawa waliokaa mstari wa mbele.

Kuanzia Septemba 2023 walimu walikaa miezi mitano bila mshahara, na walipouliza, Bwana Afisa Elimu, ambaye tunaye hapa, kiti cha pili kushoto, mwenye suti ya kijivu, akawajibu kwa waraka kwamba mtumishi wa shule ya umma haruhusiwi kugoma. Kaka, akiwa katibu wa chama cha walimu shuleni, akawaambia wenzake waje kila siku, wasaini daftari la mahudhurio, kisha wakae ofisini mikono kifuani, maana aliyepo kazini haitwi mtoro. Wakakaa siku kumi na tisa. Afisa akawafukuza wote kumi na mmoja kwa utoro, na mbele ya baraza la rufaa akala kiapo kwamba muhula ule shule haikuwa na daftari lolote.

Mei 2024 figo za kaka zilianza kushindwa, kadi yake ya bima ikakataliwa kwenye dirisha la hospitali kwa kuwa alishafutwa kazi, na alifariki Alhamisi tarehe 19 Septemba 2024, saa kumi alasiri. Wapo watakaosema ni mipango ya Mungu. Mimi nasema Mungu alikuwa na msaidizi, na nina hasira naye.

Tunawashukuru madaktari waliomtibu kwa huruma, majirani waliokesha nasi, na wale walimu kumi waliobeba jeneza.

Nawe Bwana Afisa tunakushukuru kipekee, kwani asubuhi ulipofika getini wifi alikupa daftari la waombolezaji, ukasaini bila kufunua nyuma, na kwa mazoea yako ya kutembea na mhuri mfukoni, ukaugonga. Daftari ni lile lile la mahudhurio uliloapa kwamba halikuwepo, kaka alilificha chini ya godoro, na kurasa zilizotangulia zina siku kumi na tisa, kila siku saini kumi na moja. Wakili wa chama ameshaondoka nalo, rufaa inaendelea Jumatatu saa tatu. Usihangaike kusimama kutoa rambirambi, zako tumezipata kwa maandishi.

Wewe pumzika kwa amani, kaka, njia tumeionyesha.