Mwalimu Kalunde na Jibu Lililochelewa Kufika Illasit

Huyu tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 18 Oktoba 2008, ni Mwalimu Tabitha Kalunde Mulwa. Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1949 huko Mbooni, mtoto wa nne wa marehemu Maweu, fundi wa mawe, na marehemu Mbeke. Maweu hakuwa mtu wa maneno mengi. Binti yake alirithi hali hiyo, ila yeye aliitafutia kazi.

Alianza shule mwaka 1957, miguu mitupu, kilomita sita kwenda na sita kurudi. Kiingereza alikipenda tangu siku ya kwanza alipokisikia, akawa anakisema njiani peke yake mpaka wenzake wakamwita Bibi Mzungu. Alihitimu ualimu mwaka 1970. Akafundisha Mbooni, kisha Kajiado mjini kuanzia 1976, na hatimaye hapa Kitengela kuanzia 1989 hadi alipostaafu Agosti 2004.

Waliopita darasani mwake wanajua alichokichukia: vile vijineno ambavyo watu wa kwetu hupenda kuvibandika nyuma ya kitenzi cha Kiingereza bila haja. “Kitenzi kilichoshiba usikiongezee sahani,” alikuwa akisema, na kalamu nyekundu imeshapita. Si wanafunzi tu. Kitengela ilipoanza kujaa watu, kila aliyetaka kazi alipitisha barua yake kwa Mwalimu kwanza. Mwaka 1994 Mzee Meitamei, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, alimletea barua ya kuomba kisima. Aliporudi kuichukua, aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akihesabu maneno yaliyokatwa.

“Mwalimu, mimi nilikuletea ng'ombe ishirini. Umenirudishia kumi na wawili.”

“Hao wanane walikuwa wagonjwa, mzee. Wangeambukiza wenzao.”

“Na huyu about, hapa nyuma ya discuss? Huyu alikuwa mnono kabisa!”

“Huyo hakuwa wako. Alifuata tu wenzake kutoka mtoni.”

Mzee alicheka hadi akashika ukuta. Kisima kilichimbwa mwaka uliofuata, na mzee yuko hapa leo, anaweza kuwaambia ni wapi.

Mwalimu alifunga ndoa na Josphat Mulwa tarehe 8 Desemba 1973, kanisani kwao Mbooni. Mzee Mulwa alikuwa dereva, baadaye akapata kazi kiwanda cha saruji, na ndiyo sababu wakahamia huku. Walijaliwa watoto watatu: Muema, Muthoki na Kisilu. Ilikuwa nyumba ya vicheko. Lakini kuna jambo ambalo Mwalimu mwenyewe aliomba lisifichwe siku ya leo, na tutalisema jinsi lilivyokuwa.

Mwaka 1996 Muema alikwenda Illasit kulima nyanya. Machi 1998 akaandika barua nyumbani. Aliiandika kwa Kiingereza, kurasa mbili, ili amfurahishe mamake. Alisema amempata msichana, Jacinta, binti wa Mzee Wanyama, na akaomba wazazi wampelekee ntheo, yaani wale mbuzi ambao Mkamba hupeleka kwa kina msichana ili ajulikane kuwa ni mke. Bila mbuzi hao, hata mkikaa miaka ishirini, wazee watasema mnacheza.

Mwalimu alikuwa amekubali moyoni kabla hajafungua ukurasa wa pili. Alimwita mumewe kutoka nje. “Baba Muema, tafuta mbuzi!” Kisha akaketi mezani, penye insha za darasa la saba alizokuwa akisahihisha, na mkono ukafuata mazoea. Alikata vijineno kumi na kimoja. Chini akaandika kwa Kiingereza kwamba ni kazi nzuri, aandike upya. Alitaka nakala safi awasomee akina mama wa kanisa, waone mtoto aliyemlea. Akaitia katika bahasha, akaituma kwa basi la kesho yake. Katika karatasi ile yote, hakuandika neno hata moja la kumjibu mwanawe.

Mwezi wa tano mumewe akamwuliza, “Mama Muema, kijana alisema nini?”

“Bado anaandika upya.”

Ilikuwa Julai alipoelewa. Kakuta, anayeleta nyanya za Illasit kwa lori, alimkuta sokoni.

“Mwalimu, Muema ameoa. Hivyo tu, bila mbuzi. Anasema kwao walimkataza.”

“Nani alimkataza?”

“Si wewe, Mwalimu?”

Aliacha kikapu hapo hapo sokoni akarudi nyumbani.

Alimwandikia Muema barua nne. Hakuna iliyojibiwa. Likizo ya Agosti 2001 akafunga safari na Muthoki hadi Illasit. Muema alikuwa amekwenda Taveta kuuza vitunguu. Jacinta aliwakaribisha vizuri, akapika chai, akaonyesha mkebe juu ya kabati. Barua zote nne zilikuwa ndani, hazijafunguliwa. “Anaogopa ile rangi nyekundu, mama,” Jacinta alisema. Hapo mlangoni akatokea msichana wa miaka miwili hivi, ameshika gunzi la mahindi kama mtoto wa bandia.

“Unaitwa nani, wewe?”

“Kalunde.”

Kwa Wakamba binti wa kwanza hupewa jina la mamake baba. Mwalimu aliweka kikombe chini akamwangalia yule mtoto muda mrefu, bila kumshika, kama mtu anayeogopa kuamsha aliyelala. Walingoja mpaka jioni. Muema hakufika. “Mwambie nilikubali,” alimwachia Jacinta. Muema alipoambiwa alijibu, “Hayo ni ya mdomo. Kwa karatasi aliniambia niandike tena.”

Tangu hapo Mwalimu akawa anauliza kila mwenye kuuza nyanya Kitengela zimetoka wapi. Zikiwa za Illasit, ananunua, hata kama jikoni zimejaa. Mzee Mulwa alilalamika, “Mama Muema, tutageuka nyanya humu ndani.” Alijibiwa kwamba labda hizi amezichuma Muema mwenyewe. Mzee hakulalamika tena. Alikula.

Ugonjwa wa sukari uligunduliwa mwaka 2003. Mwaka jana figo zikaanza kuchoka, na tarehe 28 Septemba mwaka huu akalazwa Kajiado. Ijumaa tarehe 3 Oktoba, saa ya kuona wagonjwa, alimwambia Muthoki achukue karatasi. Alisema kwa Kikamba, na Muthoki akaandika kwa Kikamba.

“Mama, hapo umesema umekubali mara tatu sasa.”

“Andika ya nne.”

“Wewe wa kurudia neno?”

“Andika, mwanangu. Huyo hakusikia.”

Barua ilipokwisha aliomba bahasha na kalamu, ya buluu. Alijua mwanawe hatafungua. Kwa hiyo akaandika jibu nje, kwa mkono wake, herufi kubwa, pale ambapo watu huandika anwani: NIMEKUBALI. Kakuta aliichukua Jumatatu.

Ilimfikia Muema shambani Jumatano tarehe 8, pamoja na habari kwamba mamake amelazwa Kajiado. Alhamisi alfajiri akaondoka na mkewe na watoto wao wawili. Mwalimu alitutoka Alhamisi hiyo hiyo, tarehe 9 Oktoba, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Muthoki akiwa amemshika mkono. Muema alifika hospitalini saa nane mchana.

Alimkuta babake kwenye benchi nje ya wodi. Hakulia kwanza. Alitoa bahasha.

“Baba, aliandika yeye mwenyewe?”

“Mkono wake.”

“Mbona herufi zimelala hivi?”

“Alikuwa amelala, mwanangu. Zingesimamaje?”

Ndipo akalia. Baadaye alimwuliza babake ni lini mama alikubali, na Mzee Mulwa akamwambia ukweli, kwamba ni siku ile ile barua yake ilipofika, mwaka 1998, kabla chai haijapoa. Miaka kumi na miezi saba.

Mwalimu Tabitha Kalunde Mulwa ameacha mumewe, Josphat Mulwa. Watoto wake Muema, Muthoki na Kisilu. Wajukuu wake Kalunde na Wanyama. Dada zake wawili kule Mbooni. Na wanafunzi ambao hatukuweza kuwahesabu. Ameacha pia mkwe, Jacinta, ambaye jina lake tumelichapa hapa na atasimama kaburini pamoja na wenye nyumba. Mbuzi watatu watafikishwa kwa Mzee Wanyama Jumamosi tarehe 15 Novemba, na Mzee Mulwa ataongoza safari mwenyewe.

Udongo wa kwanza utatiwa na Muema.

Mungu ampumzishe Mwalimu kwa amani. Mwanawe yuko nyumbani.