Mzee Longino na Breki za Paskazia

Jumatatu, tarehe 30 Juni 1997, Mzee Longino Kaijage anavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho katika Karakana ya Baiskeli Mwangaza, hapa Igogo, baada ya miaka thelathini ya utumishi. Wengi wetu tulimkuta. Wachache waliomtangulia wamekwisha kurudi mashambani kwao, na hata wao hawakumbuki karakana ilikuwaje kabla ya maswali yake.

Maana Mzee Longino ni mtu wa maswali. Alizaliwa Kamachumu, akavuka ziwa kwa meli akiwa kijana aliyetumwa na baba yake kununua taa. Kando ya njia akamwona fundi akisuka spoku za gurudumu, akasimama kuangalia. Taa ilichelewa sana kufika Kamachumu. Sisi Wasukuma humtania kwamba baba yake alikula gizani kwa ajili ya baiskeli, naye hutugawia kahawa ya kutafuna ili midomo yetu ipate kazi nyingine.

Alianza kama msaidizi, akawa fundi, kisha msimamizi wa benchi la usukani. Miaka ile ya shida, tairi zilipokuwa adimu kuliko sukari, ndiye aliyetufundisha kushona tairi kuukuu kwa uzi wa nyavu. Karakana ilipotoka mikononi mwa ushirika na kuwa yetu wafanyakazi, wengine tulikosa usingizi kwa wasiwasi. Yeye aliuliza kama sasa benchi lake linaweza kusogezwa dirishani penye mwanga. Likasogezwa.

Kisha biashara ikafunguliwa, na makontena ya mitumba yakaanza kuingia mjini. Sisi tulizoea baiskeli ya aina moja tu, nyeusi na nzito, inayobeba gunia la pamba bila kulalamika. Humo kwenye makontena zikatoka baiskeli nyembamba za mashindano, usukani umejikunja kuelekea chini kama pembe za kondoo dume. Tulicheka. Mzee Longino alitaka kujua aliyeukunja alikuwa na sababu gani. Akaipanda moja hadi Mkolani na kurudi, akashuka mgongo umekauka na maswali yameongezeka.

Kazi niliyotaka hasa kuieleza ni ya mwaka huu. Paskazia Mayala, jirani yetu anayeuza dagaa asubuhi na kufanya mazoezi ya baiskeli jioni, hupanda mlima kuwashinda wanaume kadhaa wa timu ya mkoa. Lakini alianguka kwenye mteremko mwezi Machi, akaanguka tena Aprili. Kocha akasema ana woga, akampa jaribio moja la mwisho: akishindwa kuteremka salama, nafasi yake katika safari ya mashindano ya Dodoma inakwenda kwa mwingine. Paskazia naye alikuwa ameanza kuamini kwamba ni mwoga, na jambo hilo lilimuuma kuliko goti.

Mzee Longino hakuelewa ni woga gani huo unaomjia mtu mteremkoni tu. Akamwomba alete baiskeli, akampandisha juu yake huku sisi tumeishikilia, akamwambia ashike usukani sehemu ya chini, kisha afunge breki. Vidole vilifika kwenye vishikio vya breki kwa ncha tu. Ili avifikie sawasawa ilimbidi kiganja kiuachie usukani, na hapo akawa hana alichoshika.

Baiskeli ile alikuwa ameitengeneza Mzee mwenyewe. Aliyeileta wakati ule ni Machibya, kaka yake Paskazia, ambaye ndiye aliyeinunua. Na desturi ya karakana yetu ilikuwa kumpima aliyeleta baiskeli. Waume huleta za wake zao, kaka huleta za dada zao, nasi tulipima mkono uliotusalimia mlangoni. Machibya ni mvuvi, na viganja vyake ni vya kuvuta nyavu. Dada alikuwa amefungiwa usukani wa kaka. Mzee alilisema hilo mbele yetu sote, akamwomba Paskazia radhi, akamwambia woga haumo kabisa.

Siku zilizofuata hapakukalika. Kila aliyempa shikamoo aliitikiwa marahaba huku mkono wake ukishikwa, ukigeuzwa na kuzungushwa kwenye kipande cha bomba. Mume mmoja alikuja kuuliza kulikoni mkewe kushikwa mkono muda wote ule, akaondoka na yeye amepimwa. Hatimaye, kwenye vyuma chakavu, Mzee akapata usukani wa baiskeli ya mashindano ya mtoto: bomba jembamba, mkunjo mfupi, upana usiozidi mabega ya Paskazia. Akaning'inia juu yake mwenyewe kuona kama utapinda. Akakazia bati kwenye shingo ya baiskeli ulipopwaya, akauzungushia utepe mmoja badala ya mbili, na nyuma ya kila kishikio cha breki akabana kipande cha ndala ili kisiende mbali na vidole.

Siku ya jaribio tulifunga karakana, tukaenda wote. Paskazia alikuwa katikati ya mteremko, mwendo umekolea, ng'ombe wakaingia barabarani. Tulishika vichwa. Akafunga breki, akasimama, akasubiri wapite mpaka ndama wa mwisho, akaendelea. Kocha aliliandika jina lake papo hapo. Sisi tulikuwa tunashangilia. Mzee alikuwa anamuuliza kidole gani kimeanza kugusa.

Sasa hapa karakana tunauliza kwanza nani ataipanda baiskeli, na kama hayupo, tunamsubiri.

Tunamshukuru Mama Felicitas, mkewe, aliyetuazima mume hata siku za Jumapili. Mzee Longino, tunakupenda na tutapwaya bila wewe. Nenda Kamachumu kwa heri, afya njema iwe nawe, na majirani wa huko wawe na subira na maswali yako.

Paskazia hatakuwepo kwenye sherehe ya kuagana Jumatatu, kwa kuwa siku hiyo atakuwa Dodoma na timu. Alikuja juzi kuomba radhi kwamba hataweza kumuaga, na Mzee akamjibu kwamba kama angemwona ukumbini Jumatatu, ndipo angesikitika.