Picha Ishirini na Sita za Mlango wa Kwao

Ijumaa tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na minane katika chumba cha kuhariri picha, mwenzetu tunayemwita Dada Mkubwa anastaafu. Anaondoka miaka miwili kabla ya wakati wake, tena kwa hiari: anamuwahi mama yake. Sababu tunaielewa, lakini kununa tumenuna.

Aliingia studio enzi za filamu, kazi yake kuanika negativu kwenye kamba. Kompyuta zilipoletwa alitangaza kwamba mdude huo yeye hautaki hata bure. Miezi mitatu haikuisha, akawa ndiye anayetufundisha sote, na ukikosea unagongwa vidole kwa rula. Vyangu ni mashahidi.

Wateja wetu wengi ni wasafiri. Mtu karudi safari, anataka anga liongezwe buluu na wapita njia wafutwe. Mwaka wake wa nne, Dada Mkubwa alimfuta mzee mmoja aliyesimama pembeni na mfuko wa mkate. Mteja alipoiona picha aliangua kilio. Yule mzee alikuwa marehemu baba yake, na picha yake nyingine hakuwa nayo. Bahati nzuri negativu ilikuwepo. Tangu siku hiyo, hapa hafutwi mtu kabla mteja hajaulizwa huyu ni nani wake. Wengine hukereka, na Dada Mkubwa huwaacha wakereke.

Na likizo zake je? Tulimshauri aende milimani, aende ufukweni, apumue kama watu. Wapi! Kila mwaka alipanda basi kutwa nzima hadi mtaa aliozaliwa, akakaa siku mbili tatu, akapiga picha ya mlango wa kwao, mama yake akiwa ameketi kizingitini. Tulimtania kwamba mlango ule ungekuwa na mdomo ungeomba nao likizo. Alicheka tu, akaketi kuihariri: mwanga kidogo usoni, makunyanzi mawili matatu yaondoke. Halafu aliitazama wiki nzima, kazi zetu zikimsubiri.

Mwezi Februari tulibadilisha kompyuta, nikamsaidia kuhamisha mafaili yake. Nikafungua picha zote ishirini na sita kwa mpigo, zile za awali, ambazo hazijaguswa. Jamani, utani uliniisha. Katika ya kwanza mama anamenya viazi, mashavu yamejaa, kamera hana habari nayo. Katika ya mwisho yuko kwenye kiti cha plastiki, kajifunika shali mchana wa jua kali. Dada Mkubwa alikuwa nyuma yangu, akizitazama. Baadaye ndipo akaniambia kwamba safari ile ya mwisho mama alimuuliza kwa nini kila akija anakwenda kusimama ng'ambo ya barabara na kamera. Jumatatu iliyofuata alileta barua ya kustaafu.

Ahsante, Dada, kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kufuta. Kiti chako kitatuuma kukitazama, hilo hatufichi. Ila kamera tunaomba uiache hapa kabatini, tutaitunza. Wewe vuka barabara, ukaketi naye. Tunawatakia nyote wawili siku nyingi, na ziwe ndefu.