Buti la Kushoto la Askari wa Akiba

Mheshimiwa Kamanda, viongozi wetu wa dini, ndugu wageni waalikwa, nanyi vijana mnaosafiri leo, hamjambo? Mmeamka salama? Na wewe Kamanda, kile kiuno kimepoa? Tunakuombea.

Mimi ni mama mkwe wa yule kinyozi wa mstari wa mbele, aliyevaa buti mguu wa kulia na ndala mguu wa kushoto. Msimcheke kwanza, nitawaeleza.

Siku barua ya wito ilipofika, alikuwa anamnyoa mwalimu mkuu. Akaisoma, akaweka mashine chini, akaenda kumwambia mkewe, binti yangu, mwenye mimba ya miezi minane. Mwalimu mkuu akarudi shuleni na nusu kichwa. Binti yangu ndiye aliyekuja kumalizia nusu ya pili, na ndiyo maana mwalimu amekaa pale na kofia. Shikamoo mwalimu, nywele zitaota, kwa uwezo wa Mungu.

Shida ikawa mjukuu wangu wa miaka minne. Tulimweleza taratibu kwamba baba ni askari wa akiba, alishafunzwa zamani, na sasa ameitwa tena kwa kazi. Tukadhani ameelewa. Kumbe nyumbani kwetu akiba ni lile kopo la sukari juu ya kabati, haliguswi mpaka waje wageni. Akaniuliza, "Bibi, wamekuja wageni gani mpaka baba anatolewa?"

Ndugu zangu, nimesali miaka mingi, lakini swali hilo nawaachia ninyi. Kuna mwenye jibu hapa?

Basi asubuhi hii buti la kushoto halionekani. Tumepekua chini ya vitanda, tumepekua hadi kwenye pipa la unga. Kumbe mwenzetu amelikumbatia, na bado amelikumbatia, huyo hapo kwa mama yake. Tumembembeleza sote. Baba yake akampigia hadi saluti. Akasema, "Anayechukua akiba aseme atairudisha lini."

Maneno hayo ni yangu mwenyewe. Huwa nawaambia majirani wanaokuja kuomba sukari.

Kamanda, nakusifu, umewapokea vijana wetu kwa upole, na viatu vyako vinang'aa, tena vyote viwili. Lakini mtoto huyu hataki hotuba, anataka siku. Na yule wa tumboni angependa kumwona baba yake kabla hajaota meno.

Asanteni kwa kunitegea masikio, Mungu awalinde. Mimi nakaa. Kamanda, tafadhali tujibu mapema, lori linanguruma nje na kinyozi bado ana ndala.